Kiti cha Baba Mkwe Katika Chumba cha Mtihani

"Shika mtoto," nilimwambia karani.

Hakuelewa. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, na kwa mkono wa pili alikuwa ananionyesha ngazi za kushuka kutoka barazani. Nikafungua mbeleko, nikamtoa binti yangu mgongoni, nikamweka juu ya meza yake katikati ya kidau cha wino na mihuri. Mtoto alifurahi, akakamata muhuri mkubwa kuliko yote akautia mdomoni. Karani aliruka akamdaka asianguke.

"We mama! Una kichaa?"

"Sina. Nataka karatasi, na siwezi kuandika mtoto akinivuta nywele. Umesema nirudi nyumbani nikalee. Haya, anza wewe kulea, mimi naandika."

Akina mama wa kanisa letu, na ninyi akina baba mliosimama kule mlangoni mkijifanya mnapita tu, hivyo ndivyo subira yangu ilivyokatika. Nimeombwa nisimame hapa niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nawaambia mapema kwamba sikuja kulia. Wala sitamtaja mtu kwa jina. Anayejijua na ajijue akiwa ameketi, asinyanyuke kujitetea, maana sijamaliza.

Mimi nilizaliwa Chapwa, kule karibu na mpaka, kwa Wanamwanga. Baba yangu aliamini shule kama wengine wanavyoamini mvua. Alinipeleka shule ya wasichana mbali kabisa, safari ya lori na kisha ya gari la moshi, nikasoma hadi darasa la kumi. Hapo baba akafariki, na ndugu zake wakaona imetosha. Nikarudi, nikaolewa huku kijijini Ruanda, kwa Wanyiha, kwa watu wa kahawa. Mume wangu ni mtu mwema. Alikaa nami mpaka tumbo likaonekana, kisha akavuka Tunduma kwenda Kopabelti kuchimba shaba, kama walivyofanya rafiki zake wote. Nikabaki na wakwe zangu, na kahawa, na mimba, na Kiingereza changu ambacho hapakuwa na wa kusema naye.

Mnakumbuka darasa la wasichana hapa kwetu lilivyokuwa. Mabinti walianza wakiwa wengi, na kila mmoja alipoanza kukua baba yake alimtoa. Mwalimu alikuwa mwanamume kijana, na baba gani hapa angemwacha binti yake mkubwa kutwa nzima mbele ya mwanamume kijana? Mwisho darasa likafungwa, madawati yakahamishiwa kwa wavulana. Mimi nilikuwa nalitazama jengo lile nikienda kisimani, mtoto tumboni, nikijiuliza kama ni wa kike atasoma wapi.

Nikajifungua, akawa wa kike. Ndipo tangazo likasomwa kanisani. Chuo cha ualimu cha wanawake kitapokea, kwa mara ya kwanza, wanawake walioolewa, hata wenye watoto. Lakini ni majaribio. Wakionekana wanaweza, mlango utaachwa wazi. Wakionekana hawawezi, utafungwa, na hautafunguliwa tena kwa mke wa mtu. Kutoka upande wetu wa jimbo, mke wa mtu aliyekuwa na darasa la kutosha kuomba ni mimi. Sikujisifu nilipolisikia. Niliogopa. Nikishindwa mimi, nimewaponza na wengine ambao sijawahi kuwaona.

Mtihani ulikuwa karatasi moja kwa jimbo zima, maswali yale yale kwa kila mtu, na ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuandika, nayo ni sarufi ya Kiingereza. Unapewa sentensi yenye pengo na maneno manne, uchague moja. Unapewa sentensi iliyoharibiwa makusudi, uitengeneze. Ya pili ni ya kusema. Unaitwa chumbani, unasomewa msemo wa Kiingereza, unaeleza maana yake kwa mdomo, na unautumia katika sentensi ya kwako.

Mwalimu mkuu wa shule ya kati, Mungu amlinde, aliniazima karatasi za mitihani ya zamani. Nikaanza kusoma wakati wa mavuno ya kahawa, ambao si wakati wa kusoma. Lakini ninyi mnajua kazi ya kahawa. Unamwaga kahawa mbivu kwenye pipa la maji, zile mbovu zinaelea zenyewe, unazikomba juu unazitupa. Zilizozama ndizo unazichambua kwa mkono, moja moja. Siku moja nikiwa nimeinama pale pipani nikaona kwamba maswali ya sarufi ni hivyo hivyo. Katika maneno manne, mawili huelea. Ukisoma sentensi kwa sauti yanajitokeza yenyewe kwamba ni mabovu. Yanabaki mawili, na hapo ndipo unatumia macho na vidole. Kuanzia siku ile sikuogopa tena pengo.

Misemo ndiyo ilikuwa shida. Msemo hauelei wala hauzami. Unausoma neno kwa neno, maneno yote unayajua, na bado hujui kilichosemwa. Mama mkwe wangu alikuwa ndiye mwanafunzi na mtahini wangu jikoni, na Kiingereza hajui hata salamu.

"Leo wamesema nini hao?" angeuliza akipepeta ulezi.

"Wamesema fulani amepiga ndoo teke."

"Kwa nini? Maji yalikuwa machafu?"

"Maana yake amekufa, mama."

Aliweka ungo chini. "Amekufa kwa kupiga ndoo?"

"Hapana. Ni namna yao ya kusema tu."

"Basi mume wako ameshakufa mara nyingi, maana alipokuwa mdogo hakuacha ndoo imesimama hapa."

Tulicheka hadi mtoto akaamka. Na kule nyuma ya ukuta wa jiko tukasikia mtu mwingine naye anacheka, taratibu, anajizuia.

Hapo nisimame kidogo, kwa ajili ya wageni wetu waliotoka mbali. Kwetu, mke hamtazami baba wa mume wake usoni. Hali naye chakula. Akikutana naye njiani anaacha njia, anainama, anageuka upande. Na hasemi mbele yake, hata neno moja. Si chuki, na si utumwa, kama mlivyozoea kutuambia. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili. Naye hanitazami, wala haingii jikoni nilimo. Lakini pakiwa na ukuta kati yetu, sauti inapita. Na pakiwa na mtoto kati yetu, neno linapita. Tangu binti yangu azaliwe, baba mkwe alikuwa anamwambia yeye yote aliyotaka niyajue. "Mtoto, mwambie mama yako mbuzi wako kwenye maharage." Na mimi namjibu mtoto. Mtoto alikuwa hajaota hata jino.

Sasa yule mzee alikuwa amezoea kukaa nyuma ya jiko akichonga mipini ya majembe. Nilipokuwa nikisoma misemo kwa sauti, kisu chake kilikuwa kinanyamaza. Baada ya siku nyingi za namna hiyo akaanza.

"Mtoto, mwambie mama yako lile la paka kutolewa kwenye gunia asilirudie, nimeshalijua. Ni mtu aliyetoa siri."

Na kesho yake: "Mtoto, muulize mama yako, mtu akikuvuta mguu, amekufanya nini?"

"Mtoto," nikajibu kutoka ndani, "mwambie babu amenitania."

"Eee," sauti ikasema, na kisu kikaanza tena.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi kuwa na mwalimu aliyenifurahisha kama yule ambaye sikuwahi kumwona uso.

Siku ya mtihani tulikwenda misheni. Tangazo lilisema mwanamke aliyeolewa aje na mzee wa upande wa mume, ashuhudie kwamba ukoo umeridhia. Sisi tulidhani ataweka dole gumba kisha atoke zake. Baba mkwe alivaa koti lake la Meza ya Bwana. Alitembea mbele, mimi nikafuata kwa mbali na mtoto mgongoni, kama inavyopasa. Niliona mgongo ule wa koti njia nzima, ukiwa umenyooka kama wa mtu anayekwenda kuozesha.

Kuandika kulikwenda vizuri. Nasema hivyo bila kujinyenyekeza. Mabovu yalielea, nikayakomba. Waliokuwa na mimi walikuwa mabinti wawili wasioolewa, wazuri, wenye hofu. Nikawaambia wasome sentensi kwa sauti ya chini, wasikilize.

Kisha tukaanza kuitwa kwa misemo. Zamu yangu ilipofika nikampa binti mmoja mtoto wangu, nikaingia huku natabasamu.

Chumbani palikuwa na meza. Nyuma ya meza alikaa yule mama wa Kizungu aliyeletwa kututahini, na pembeni yake karani, kijana aliyetoka mkoa mwingine kabisa, mwenye mwandiko mzuri. Na mbele ya meza, kikiutazama mlango nilioingilia, palikuwa na kiti cha mikono. Juu ya kiti hicho, na koti lake la Meza ya Bwana, alikaa baba mkwe wangu.

Kanga ilinipanda kichwani yenyewe. Nikapiga magoti, nikageukia ukuta.

Yule mama akasoma msemo wa kwanza. Niliujua! Nilikuwa nao mdomoni umeiva. Midomo ikakataa.

"Simama, dada," karani akasema. "Hapa si kanisani."

Nikasikia mzee anakohoa. Nikasikia kiti kinalia. Alikuwa anainuka atoke. Alijua mara moja kosa lilipo.

"Kaa, mzee wangu, kaa," karani akamwambia kwa adabu nyingi. "Utaratibu unataka uwepo humu. Umeletewa kiti cha heshima."

Baba mkwe wangu hajawahi katika maisha yake kukataa kiti nyumbani kwa watu. Akakaa. Lakini aligeuka, akautazama ukuta wa upande wake. Basi tukawa wawili, kila mmoja na ukuta wake, na yule mama katikati anasoma misemo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti inayozidi kuchoka. Wa ndoo ulikuwemo. Wa paka ulikuwemo. Nilisikia pumzi ya mzee ikikatika kila msemo aliokuwa anaujua ulipopita bila jibu. Nadhani aliumia kuliko mimi.

Nikaambiwa asante, nitoke.

Tuliporudi, mama mkwe alitupokea uani. "Umejibu?"

"Sikujibu."

"Kwa nini? Si unayajua yote?"

"Baba alikuwemo chumbani."

Aligeuka akamfuata mumewe nyuma ya jiko, na mimi nikasikia yote kupitia ukuta.

"Ulikuwa unafanya nini mle ndani, wewe mwanamume?"

"Nilipewa kiti."

"Kiti! Hapa nyumbani huna viti? Kiti kimekuoa?"

"Nilitaka kutoka, nikaambiwa nikae."

"Ukakaa."

"Nikakaa," akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo.

Nikajifariji kwamba wale watu wataelewa. Mtu aliyeandika sarufi yote vile hawezi kuwa bubu ghafla baada ya chakula cha mchana. Wataniita, wataniuliza. Nikangoja. Kahawa ikakauka, ikapakiwa, ikaondoka, hakuna aliyeniita. Ila maneno yalikuja kwa wingi, na yalitoka humu humu kanisani. Mmoja akaniambia, "Hizo ni mila za kipagani, ungezitupa ukasema tu." Mwingine akasema, "Wasomi ndivyo walivyo, wanameza vitabu wanashindwa kutapika." Akacheka, na wengine wakamsaidia kucheka. Wengine tena wakaniambia ninyamaze tu, ndiyo mila. Aliyesema mila za kipagani alikuwa ameacha njia na kuingia kwenye majani asubuhi ile ile, kwa sababu mkwe wake alikuwa anapita. Nilimwona kwa macho yangu.

Kisha tukaitwa misheni kusikia majibu. Nikamfunga mtoto mgongoni. Baba mkwe akatangulia tena, safari hii bila koti.

Karani alisoma akiwa amekaa. "Kuandika, vizuri sana, wa kwanza katika kituo hiki. Kusema, sifuri. Maelezo ya watahini: hawezi kujieleza." Akafunga jalada. "Ndiyo hivyo. Darasa la kumi na mtoto mgongoni haviendi pamoja, dada. Kamati itaandika kwamba walioolewa hawafai. Rudi nyumbani ukalee."

Walioolewa hawafai. Hakusema kwamba mimi sifai. Alitusema wote, mpaka na binti yangu aliyekuwa ananipumulia shingoni.

Hapo ndipo nikasema, shika mtoto.

Alipokuwa anahangaika kumnyang'anya mtoto ule muhuri, nikachukua karatasi, nikakaa chini barazani, nikaandika juu kabisa: Malalamiko. Halafu kalamu ikasimama. Kwa nini sikujibu? Kwa sababu ya baba mkwe. Na mimi nitaandikaje habari za baba mkwe kwenye karatasi ya malalamiko, karatasi itakayosomwa na watu, kana kwamba namshitaki? Midomo yangu hainifungukii mbele yake, sasa nimpeleke kwenye kamati? Nisipomtaja, malalamiko hayana kichwa wala miguu. Nikimtaja, nitaingiaje tena kwenye ua wa nyumba yake?

Mzee alikuwa amesimama chini ya ngazi, ametupa mgongo. Karani akamwita kutoka juu, "Mzee, mchukue mkweo, jamani! Na mtoto wake! Ameshanilowesha!"

Baba mkwe akapanda ngazi, uso ameuelekeza kwa karani tu, hadi akafika mbele ya mtoto. Akasema naye taratibu, kama nyuma ya jiko.

"Mtoto. Mwambie mama yako aniandike."

Sikuinua uso. "Mtoto," nikasema, na sauti ilinitoka kwa shida maana hapakuwa na ukuta, palikuwa na karani tu, "mwambie babu siwezi. Ni aibu."

Nilikuwa nimesema mbele yake. Nikaziba mdomo kwa kanga.

Mzee akamwinamia mtoto. Kisha akasema, "Mtoto, mwambie mama yako kalamu si mdomo. Anayeandika hasemi. Aniandike mimi, akiandike na kile kiti."

Karani alikuwa anatutazama kwa zamu, mtoto mikononi, shati limelowa. "Kwani... kumbe hamsemeshani?"

"Ndiyo kwanza unauliza?" nikamwambia.

Nikaandika. Kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza, ili mtu asije akaniambia hakuelewa. Karani ndiye aliyenibebea mtoto tulipokwenda kwa yule mama wa Kizungu. Nawaambia ukweli, alimbeba vizuri, na alipofika mlangoni ni yeye aliyemwambia mzee, "Baba, wewe ungoje hapa nje, tafadhali." Yule mama alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo walio nje waliisikia, kwamba mtu aliyefungwa mdomo hawezi kuutumia mdomo huo huo kueleza kwamba amefungwa, na kwamba kumwuliza lilikuwa jukumu la wenye midomo iliyo wazi. Halafu akasema samahani. Alisema vizuri, na mimi niliipokea.

Juma lililofuata nikatahiniwa upya. Ule wa ndoo uliulizwa tena. Nikaeleza maana yake, nikautumia katika sentensi yangu, na nilipomaliza tu sauti ya mzee ikaingia dirishani kwa Kiswahili, "Huyo amekufa!" Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Karani akaandika alama, na siyo sifuri.

Leo nimetoka chuoni na cheti changu. Jumatatu ninafungua lile darasa la wasichana, madawati yamerudishwa, na nyuma yangu chuoni nimewaacha wake za watu wengine, wenye watoto, wanasoma. Mlango haukufungwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu mkuu kwa karatasi zake. Namshukuru mama mkwe, ambaye muda wote nilipokuwa chuoni alimlea binti yangu, na mpaka leo anawauliza wageni kama wamewahi kupiga ndoo teke. Namshukuru mume wangu aliyetuma neno kutoka Kopabelti kwamba niende. Namshukuru hata yule karani, kwa sababu alijifunza, na kujifunza ukiwa umeloweshwa si jambo dogo. Na yule ambaye siwezi kumshukuru mbele yake, namwomba binti yangu, yuko pale kwa bibi yake, amfikishie.

Nina neno moja kwa ninyi mlioniambia nitupe mila. Mlitaka niitupe heshima ya mkwe ili nipate kazi ya kuwafundisha watoto wenu heshima? Na kwa ninyi mlioniambia ninyamaze kwa sababu ndiyo mila: mwenye mila alikuwa amesimama ngazini, na yeye ndiye aliyesema niandike. Mkionewa, msikae mkisubiri mwenye kosa agundue kosa lake. Nilisubiri mimi, kahawa nzima ya mwaka ikaondoka. Ombeni karatasi. Mtoto akiwasumbua, pako mahali pa kumweka.

Mwenyekiti wetu amesema niyasome malalamiko yenyewe, kwa kuwa wengine wanaeleza kwamba nilitukana wazungu. Nayasoma yalivyo, kisha naketi.

"Malalamiko. Kwa Kamati ya Mtihani wa Kuingia Chuo cha Ualimu.

"Mimi ni yule mwanamke aliyeolewa, mliyeandika kwamba hawezi kujieleza. Jina langu mnalo. Ninalalamika kwamba sikutahiniwa. Mlimweka baba wa mume wangu katika chumba cha mtihani, mbele yangu, na kwetu mke hasemi mbele ya baba mkwe wake. Mzee alitaka kutoka akazuiwa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimegeukia ukuta. Mliona mtu mzima amepiga magoti, mkampa sifuri.

"Misemo yote mliyosoma ninaijua. Ninaomba nisomewe tena, yote, siku yoyote mtakayotaka, na maneno mliyoandika juu yangu na juu ya wanawake walioolewa yafutwe mpaka hapo mtakaponisikia.

"Baba mkwe wangu hana kosa. Alipewa kiti akakikubali, kwa adabu. Naandika habari zake kwa ruhusa yake mwenyewe. Ninaomba kiti hicho kitolewe chumbani, lakini kisirudishwe stoo. Kiwekwe nje, chini ya dirisha, na dirisha liachwe wazi. Mzee anapenda kusikiliza."